Ethi ya Nyumba na Ethi ya Gari: Neno Moja katika Utambuzi wa Hitilafu za Umeme

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna neno moja la kiufundi, ethi, linavyoathiri utambuzi wa hitilafu za umeme nyumbani na katika magari. Hoja kuu ni kwamba neno hilo hubeba dhana mbili zinazopingana. Nyumbani hutaja waya usiopaswa kupitisha mkondo wowote wakati vifaa vinafanya kazi ipasavyo, ilhali garini hutaja njia inayopitisha mkondo wote. Fundi anayetoka karakana ya magari na kuingia kwenye nyumba akiwa na dhana moja tu anaweza kuifanya taa iwake na, kwa tendo hilohilo, akaliacha jokofu likiwa na umeme kwenye mwili wake. Makala yanaeleza hitilafu za kawaida zinazotokana na njia ya marejeo, yanaonyesha kwa hesabu kinachotokea, kisha yanapendekeza istilahi zinazotenganisha dhana hizo.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi

Mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili huuona umeme kama kitu kinachokuja. Umeme umekuja, umeme umekatika, umeme umerudi. Kitenzi kurudi hapa hakina maana ya kurudi kwenye chanzo. Maana yake ni kumrudia mteja aliyekuwa gizani. Taswira hiyo inafanana na ya maji ya bomba: yanafika, yanatumika, yanakwisha. Haina nafasi ya waya wa pili. Hata majina ya nyaya yanaelekea upande huo, kwani waya mmoja huitwa wa moto, jina lenye uhai na onyo ndani yake, na mwenzake huitwa nyutro, neno la mkopo ambalo kwa msikilizaji wa kawaida halisemi lolote.

Fizikia haikubaliani na taswira hiyo. Mkondo hautoki kwenye chanzo isipokuwa una njia ya kurudi kwenye chanzo kilekile, na kiasi kinachokwenda ndicho kinachorudi. Pasi haili umeme. Inaupitisha, na katika kuupitisha inapata joto. Kwa hiyo, nusu ya sakiti yoyote ni njia ya marejeo, na inafaa kutarajia kwamba sehemu kubwa ya hitilafu itakuwa huko. Hata hivyo fundi akiitwa, jambo la kwanza analolitafuta kwa kawaida ni kama moto umefika. Ukiwa umefika na kifaa hakifanyi kazi, mashaka huelekezwa kwenye kifaa. Motokari hununuliwa betri mpya na nyumba hununuliwa balbu mpya, na tatizo hubaki pale pale.

Ethi isiyopaswa kufanya kazi

Katika nyumba inayopokea umeme wa volti 230, ambao ndio wa kawaida nchini Tanzania (Kenya ni 240), kila soketi ya matundu matatu hufikiwa na nyaya tatu. Waya wa moto huleta mkondo, nyutro huurudisha, na ethi hukaa tu. Kazi ya ethi ni kuunganisha miili ya chuma ya vifaa, kama vile jokofu, pasi na jiko, na nondo iliyopigwa chini ya udongo. Waya wa moto ukikwaruzika ndani ya jokofu na kugusa bati lake, mkondo hupata njia ya kushuka ardhini badala ya kusubiri mkono wa mtu. Siku zote nyingine, mwaka mzima, waya huo hauna kazi. Sifa yake kubwa ni uvivu.

Sasa tuchukue hali inayotokea mara nyingi katika nyumba za kupanga zilizoongezewa vyumba hatua kwa hatua. Nyutro ya chumba kimoja imekatika ndani ya ukuta. Taa haiwaki. Fundi anapima na kuona moto upo. Ukuta umekwisha kupigwa plasta na rangi, na mwenye nyumba hataki ubomolewe. Waya wa ethi uko karibu. Fundi anauunganisha kwenye taa mahali pa nyutro, na taa inawaka. Kwa macho ya kila aliyepo, kazi imekwisha.

Hesabu inaonyesha kwa nini udanganyifu huu hudumu. Balbu ya wati 60 ina ukinzani wa takriban omu 880 ikiwa imewaka. Tuseme nondo ya ethi pamoja na udongo unaoizunguka ina ukinzani wa omu 50, kiasi kisicho cha ajabu kwenye udongo wa kichanga. Mkondo utakuwa takriban robo ya ampea, na katika nondo zitapotea volti 12 au 13 hivi. Balbu haionyeshi tofauti inayoonekana. Kwa kuwa miili yote ya vyuma imeungwa kwenye ethi hiyohiyo, nayo sasa imebeba volti hizo 12, kiasi ambacho mkono mkavu hauhisi.

Miezi michache baadaye mpangaji anachomeka pasi ya wati 1000 kwenye soketi ya chumba hichohicho, ambayo nayo ilipewa ethi badala ya nyutro. Ukinzani wa pasi ni takriban omu 53. Volti 230 zinagawanywa karibu nusu kwa nusu kati ya pasi na udongo: mkondo ni ampea 2.2, na volti zinazobaki kwenye waya wa ethi ni kama 112. Pasi inapata joto hafifu, na mpangaji anasema umeme ni mdogo. Wakati huohuo mlango wa jokofu lililo chumba cha pili, ambalo halina ubovu wowote, una volti 112. Sakiti breka ya ampea 20 haiwezi kulijua jambo hili, maana kwake ampea 2.2 ni matumizi madogo ya kawaida. Wakati wa kiangazi hali huzidi, kwa sababu udongo ukikauka ukinzani wake hupanda. Na ikiwa waya unaokwenda kwenye nondo utakatika au kuibwa kwa ajili ya shaba yake, miili yote ya vyuma itapanda hadi karibu volti 230 kamili mara swichi ya taa inapowashwa.

Kipo kifaa kinachoweza kuikamata hali hii, nacho ni kile cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwa matumizi ya nyumbani hutengenezwa kukata tofauti ya miliampea 30 kati ya mkondo unaokwenda na unaorudi. Nyumba yenye kifaa hicho haiwezi kutumia ethi badala ya nyutro hata kwa balbu moja. Kitakata papo hapo. Kwa bahati mbaya kukata huko hutafsiriwa mara nyingi kuwa ubovu wa kifaa chenyewe, nacho huondolewa au kuzungukwa kwa kipande cha waya. Kifaa hicho hakina nakala kwenye ubao: sakiti breka za kawaida hulinda nyaya zisiungue, wala hazikuundwa kumlinda mtu.

Nyutro inapokatika

Dalili za nyutro iliyokatika zinajulikana kwa mafundi wengi, ila maelezo yake ni nadra kuandikwa. Katika soketi ya matundu matatu ya aina iliyorithiwa kutoka Uingereza, mtu akiitazama kwa mbele, tundu la juu ni la ethi, la kulia ni la moto na la kushoto ni la nyutro. Testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, inapaswa kuwaka kulia tu. Ikiwaka kulia na kushoto pia, fundi asiye na uzoefu huamua kwamba nyaya mbili zimegusana. Zingegusana kwa kweli, breka ingekata mara moja. Kilichotokea ni kwamba nyutro imekatika mahali fulani kati ya soketi na ubao, na moto unapita ndani ya kifaa kilichowashwa, taa au redio, kisha unafika kwenye kipande cha nyutro kilichobaki bila pa kwenda. Kithibitisho chake ni chepesi: vifaa vyote vizimwe na kuchomolewa, taa zikiwemo. Tundu la kushoto likinyamaza, nyutro ndiyo yenye kasoro, na kazi inayobaki ni kutafuta kiungo kilicholegea, baada ya kuzima swichi kuu.

Inafaa kukumbuka kwamba testa yenyewe inahitaji njia ya marejeo, na njia hiyo ni fundi. Mkondo mdogo sana, uliobanwa na kinzani kubwa iliyo ndani ya mpini, hupita mwilini mwake hadi sakafuni. Fundi aliyesimama juu ya kiti cha plastiki anaweza kuona testa haiwaki kwenye waya ulio hai. Kwa sababu hiyo, kutowaka kwa testa hakutoshi kuwa ushahidi wa usalama.

Hali mbaya zaidi ni nyutro kukatika nje, kwenye nguzo inayohudumia nyumba kadhaa kwa njia tatu za umeme. Kati ya njia moja na nyingine kuna takriban volti 400. Nyutro ya pamoja ikiwapo, kila nyumba hupata 230 zake bila kujali jirani anatumia nini. Ikikatika, nyumba mbili hujikuta zimepangwa mfululizo kama balbu za mapambo, zikigawana volti 400 kwa kadiri ya ukinzani wa vifaa vyao. Tuchukue nyumba mbili tu ili kurahisisha hesabu. Moja ina balbu ya wati 100, nyingine ina birika la wati 2000. Balbu itapata zaidi ya volti 380 na kuungua. Birika halitachemka kamwe. Mtaani watu wataeleza tukio hilo kwa namna mbili: wa nyumba ya kwanza watasema umeme umekuwa mkali, wa nyumba ya pili watasema umeme ni hafifu. Wote wawili wanaeleza waya uleule. Panapokuwa na taa zinazong'aa kupita kawaida nyumba moja na kufifia nyumba ya jirani, jambo la kufanya ni kuzima swichi kuu na kumwita msambazaji wa umeme, kwa kuwa hakuna ukarabati wa ndani ya nyumba utakaoponya kasoro hiyo.

Gari lisilogusa ardhi

Gari hukaa juu ya matairi ya mpira. Halina nondo iliyopigwa chini, wala linapokimbia haliwezi kuwa nayo. Hata hivyo fundi wa umeme wa magari hutaja ethi kila siku, akimaanisha bodi na injini, yaani chuma cha gari ambacho watengenezaji hukitumia mahali pa waya wa pili ili kupunguza shaba. Betri ya volti 12 hupeleka mkondo kwa waya hadi kwenye taa. Kutoka kwenye taa mkondo hurudi kwa chuma. Kazi inayofanywa na ethi ya gari ndiyo inayofanywa na nyutro ya nyumba. Huu ndio mlinganisho sahihi, na neno linauficha.

Ushahidi kwamba ethi ya gari si ardhi, na hata si lazima iwe hasi, upo katika historia. Magari kadhaa ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 yaliunganisha ncha chanya ya betri na bodi, na mafundi wa wakati huo waliiita ethi bila tatizo. Rangi nazo hazisaidii. Katika magari mengi ya Ujerumani waya wa kahawia ndio unaokwenda kwenye bodi. Nyumbani, kwa utaratibu wa rangi wa sasa, kahawia ni waya wa moto. Toyota hutumia waya mweupe wenye mstari mweusi kwa bodi. Mtu aliyejifunza rangi kwa kukariri upande mmoja amejifunza kosa la upande wa pili.

Kwa kuwa ethi ya gari hubeba mkondo wote, kiungo chake kikiingia kutu athari huonekana pale mkondo ulipo mkubwa, yaani kwenye stata. Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150 au zaidi. Kiungo kati ya injini na betri kikiwa na ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho multimita ya kawaida haiwezi kukipima kwa uhakika, volti 3 hupotea hapo na wati 450 hugeuka joto. Stata hugeuka kichovu au hugonga tu. Dereva anaona taa za dashibodi zinafifia na kuhitimisha kwamba betri imekufa. Fundi anapima betri gari likiwa limezimwa: volti 12.6, betri nzuri. Anapima kati ya waya mkubwa wa stata na bodi: 12.6 tena. Kila kipimo ni sahihi na vyote havisemi kitu, kwa sababu pasipo mkondo hakuna volti inayopotea.

Kipimo kinachofaa hufanywa wakati mzigo unafanya kazi. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, si juu ya kibano chake, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Msaidizi anapiga stata. Mita inapaswa kuonyesha sehemu ndogo tu ya volti moja. Ikionyesha mbili au tatu, ubovu uko kwenye njia ya marejeo, na tiba yake ni msasa, bolti iliyokazwa na pengine waya mpya wa kusuka kati ya injini na bodi. Waya huo ukikatika kabisa, mkondo wa stata hutafuta kupita popote penye chuma kinachounganisha injini na bodi, ikiwa ni pamoja na kebo nyembamba ya eksileta. Kebo iliyopata moto au kuganda ndani ya ganda lake bila sababu ya kimitambo ni dalili ya kuchunguza ethi ya injini.

Taa za nyuma hutoa mfano wa aina nyingine, unaowachanganya wengi kwa sababu unaonekana kama nyaya zimeunganishwa vibaya. Dereva anakanyaga breki na taa ndogo za nyuma zinawaka kwa ufifi, au anawasha indiketa na taa ya breki inapepesa pamoja nayo. Taa zote za upande mmoja hushiriki waya mmoja wa kwenda kwenye bodi. Ukikatika, mkondo wa taa ya breki hufika kwenye kiungo cha pamoja, hukosa njia, kisha hurudi kinyumenyume kupitia uzi wa taa ndogo hadi upande wa pili wa gari ambako bodi inapatikana. Hakuna swichi iliyoharibika wala waya ulioguswa na mwingine. Ni jambo lilelile la testa kuwaka matundu mawili, ila kwa volti 12.

Neno shoti

Pembeni ya ethi liko neno shoti, ambalo limepanuka hadi kutaja karibu kila kasoro. Mtu amepigwa shoti, nyumba imeungua kwa shoti, gari lina shoti. Kwa maana yake finyu shoti ni moto kukutana na njia ya marejeo bila kupitia kifaa: mkondo huwa mkubwa mno na fyuzi au breka hukata. Kiungo kilicholegea ni kinyume cha hapo. Birika likivuta ampea 8 kupitia skrubu iliyolegea yenye ukinzani wa nusu omu, volti 4 tu hupotea, birika linachemka kama kawaida, na wati 32 zinachoma plastiki ya soketi saa zote linapotumika. Fyuzi haioni lolote, kwa maana mkondo haujazidi hata kidogo. Ripoti inayosema moto ulisababishwa na shoti inaweza kumfanya mwenye nyumba ajione salama kwa kuwa fyuzi zake ni nzima, ilhali ishara alizopaswa kuzifuata ni soketi yenye joto, harufu ya plastiki na pini zilizobadilika rangi.

Istilahi na mtihani wa sola

Vitabu vya mafunzo vinavyotafsiri ethi kuwa waya wa ardhi vimelitatua suala la nyumba, maana ndiko waya unakokwenda. Tafsiri hiyo ikihamishiwa garini inakuwa si kweli. Makala haya yanapendekeza kwamba ethi au waya wa ardhi ibaki kwa waya wa kinga pekee, na kwamba katika ufundi wa magari itumike bodi kwa chuma chenyewe na njia ya marejeo kwa sakiti nzima inayorudi kwenye betri. Neno bodi halihitaji kufundishwa. Limo karakana zote. Marejeo nalo ni neno pana linaloweza kuhusisha nyutro ya nyumbani, hivyo mwanafunzi akaona kwa jina tu kwamba bodi na nyutro ni ndugu, na ethi ni mgeni kwao. Pingamizi linaloweza kutolewa, kwamba mafundi hawatabadili lugha yao kwa sababu ya andiko, lina uzito, lakini mitihani ya vyuo vya ufundi na vitabu vyake huandikwa na watu wachache, na huko mabadiliko yanawezekana.

Mahali pa kuyapima mapendekezo haya ni nyumba yenye sola. Hapo betri ya volti 12 na soketi za volti 230 hukaa ukuta mmoja, na inveta iko katikati. Fundi aliyezoea magari huiita ncha hasi ya betri ethi na kuifunga kwenye nondo. Fundi aliyezoea nyumba hutafuta nyutro kwenye matundu ya inveta; testa inamwakia matundu yote mawili, na anahisi nyutro imekatika. Kile kithibitisho cha kuchomoa vifaa vyote kinamsaidia iwapo anakijua: hapa tundu la kushoto halinyamazi hata vifaa vyote vikichomolewa. Sababu ni kwamba inveta nyingi ndogo hazina nyutro. Njia zake mbili za kutoka zote ziko hai, kila moja ikiwa na takriban nusu ya volti ukilinganisha na ncha hasi ya betri. Fundi akiitengeneza nyutro kwa kuifunga njia mojawapo kwenye nondo ileile ambayo mwenzake ameshaifungia betri, anakuwa ameunganisha pande mbili za inveta kupitia waya wa ardhi, na inveta huungua papo hapo. Akiiacha bila kuifunga popote, inveta inafanya kazi, lakini kifaa cha kukata umeme unaovuja kilichowekwa mbele yake hakitakata pale moto utakapogusa mwili wa jokofu kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mkondo unaovuja hauna njia ya kurudi kwenye inveta. Uamuzi wa kuifunga au kutoifunga unategemea muundo wa ndani wa inveta husika na maelekezo ya mtengenezaji wake, na maelekezo hayo hutumia neno moja, ethi, kwa bati la inveta, kwa ncha ya betri na kwa nondo.